Ukuta wa Kuogea Baba

Juzi fundi alikuwa akigongagonga ukuta wa bafu langu ili lipu ya vigae ishike. Harufu ya vumbi lenye unyevu ilinirudisha kwetu Kintinku, enzi za Mwingereza.

Baba alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge, amekonda na anakohoa. Mchana mmoja nilimkuta mama nyuma ya nyumba akiuchimba ukuta wa udongo kwa jembe. Nilidhani anabomoa nyumba ili baba akose pa kukaa. Nikamshika nguo nikilia.

“Mama, usimfukuze baba!”

Akafuta jasho. “Simfukuzi. Namtengenezea pa kuogea katika chumba hiki cha uani, maana kisimani hafiki tena. Udongo mpya haushiki ukuta laini, ndiyo maana nauchimba.”

Baba alitusikia, akatoka akijishikilia ukutani. “Lete jembe, Mama Mariamu. Umechoka.”

Alipiga mara tatu, kisha akakaa chini akihema.

“Nitamalizia kesho,” akasema.

Nilimwamini, kwa kuwa nilidhani uchovu wote huisha kwa kulala. Nikawa nakanda udongo na samadi kwa miguu, nikamuuliza mama tumwachie baba upande upi wa kumalizia kesho. Mama alichimba na kukandika kuta zote peke yake mpaka jua likazama.