Mukima wa Kalimoni na Cheti cha Mnunuzi

Nilitoka Kimbo kwa sababu ya barua. Mwishoni mwa miaka ya tisini, sisi wanawake sita tulikuwa tukichonga miko na sinia za mbao nyuma ya duka la unga hapa Kimbo, Ruiru. Mnunuzi wetu wa ng'ambo alikuwa ameandika kwamba hataagiza tena mpaka aone cheti cha kuonyesha kwamba miti yetu inatoka kwenye shamba linalotunzwa vizuri. Wenzangu waliniuliza mbao zetu hutoka wapi. Nikasema Thika. Zaidi ya hapo sikujua, na aibu hiyo ndiyo iliyonipandisha gari.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Thika, kwenye yadi ya Mzee Juma, Mwislamu wa mtaa wa Majengo anayetambua mbao kwa kunusa. Bwana Otieno, mkaguzi wa cheti kutoka Nairobi, alikuwa ameshafika, viatu vyake vimepigwa kiwi kana kwamba tunaenda arusi. Alimweleza Mzee Juma kwamba mbao za cheti zitakaa peke yake, zipakwe rangi kwenye ncha, na kila gogo liandikwe limetoka kwa nani. Mzee Juma alilalamika kwamba yadi yenyewe ni ndogo kama kitanda, na sasa anaambiwa aigawe. Lakini alikubali. Kulikuwa na watu waliouza mbao za wizi kutoka msituni kwa bei asiyoweza kuifikia, na alitaka kitu cha kumtofautisha nao. Akatumiminia chai, kisha akatupakia kwenye lori lake.

Kabla ya saa sita tulikuwa Kalimoni, kwa Mama Njeri, mjane anayemuuzia Mzee Juma magogo, aliyepanda mukima, mti wa mbao tunazochonga, kuzunguka mahindi yake na kando ya Mto Ndarugu. Alitupakulia githeri kwanza, kazi baadaye. Otieno alizungusha utepe kwenye kila mti na kuuliza kila kisiki kilikatwa kwa nini. Mti mmoja, Mama Njeri alieleza, ulikuwa unataka kuangukia choo. Otieno aliandika hata hilo, na viatu vyake vikawa havina tena rangi ya kujulikana.

Tulipofika mtoni, kicheko kiliisha. Huko ndiko kulikokuwa na miti mikubwa kuliko yote, na Mama Njeri alikuwa amepanga kuikata baada ya mavuno ajenge nyumba ya mawe. Otieno alisema kwa upole kwamba miti ya ukingoni haikatwi. Ikikatwa, udongo unaporomokea mtoni, na cheti hakuna.

Mama Njeri hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi.

"Mama Kamau, huyo mzungu wenu anataka mto yangu ikae na miti. Sawa. Na mimi nitalala wapi?"

Nilikuwa nimekuja nikidhani gharama ni ada ya ukaguzi tu, ambayo kikundi chetu kilikuwa kimekubali kulipa. Sasa niliona tunamwomba mtu asijenge nyumba yake ili sisi tuuze miko.

Nilienda kando nikaketi karibu na rundo la matawi aliyopogoa, yanayongoja kuuzwa kama kuni. Nilichukua moja nene kama mkono wangu na, kwa mazoea tu, nikatoa kisu nikaanza kulichonga. Ndani mlikuwa na wekundu mwororo, wenye madoa ya kung'aa. Hapo ndipo niliposhtuka: mwiko hauhitaji gogo. Nilimuuliza Otieno kama miti ya ukingoni inaweza kupogolewa bila kukatwa. Alifungua kitabu chake, akasoma mara mbili, akasema inaweza, mradi isinyolewe upara na ipewe muda wa kuchipua.

Mpaka saa tisa tulikuwa bado tunaongea. Nilimwahidi Mama Njeri kwamba tutanunua matawi yake kwa bei ya mbao.

"Ukinilipa bei ya kuni hata mara moja," aliniambia, "nakata yote, na sitauliza mtu."

Tukapeana mikono.

Jioni Mzee Juma alinishusha Kimbo jua likiwa bado lipo. Niliwaeleza wenzangu, na mmoja alihama kikundi siku hiyo hiyo, akisema tumekuwa watumwa wa karatasi. Sikumlaumu. Cheti kilichelewa sana, na ada yake ilimeza faida yote ya msimu wa kwanza. Kisha oda zikarudi, kubwa kuliko za zamani, na bei ikapanda kidogo, si kama tulivyoota. Mama Njeri alijenga vyumba viwili vya mabati; vya mawe anasema vitakuja.

Nilichojifunza ni kwamba wa kwanza kulipia cheti ni mwenye shamba. Analipa kwa mti ambao hakuukata, na hakuna anayemwandikia risiti. Siku hizi mnunuzi akitaka tupunguze bei, mazungumzo nayaanzia Kalimoni.