Karibu ya Tatu

Mwanangu alinipigia simu Jumatano akasema Jumamosi tutakwenda kula chakula cha mchana, mie na yeye tu, kwenye bistro ya Kifaransa. Nikamuuliza bistro ndiyo nini. Akacheka. "Ni mgahawa mdogo tu, Mami, utaupenda." Kwa Kiingereza, maana mwanangu Kiswahili anakisikia chote lakini mdomoni hakimtoki. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tumeishi hivyo tangu alipoanza shule.

Nilijua ananiitia nini. Mumewe ni mtu wa Denmark, amepata kazi katika mji wa kwao, na nyumba walishanunua huko. Ina vyumba vitatu vya kulala. Cha kwanza chao, cha pili cha mtoto wao. Cha tatu kitakuwa cha nani, kama si changu?

Basi niseme ukweli, nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote duniani. Mie na mume wangu tulikuja London miaka michache baada ya mapinduzi, tukiwa na sanduku moja, tukaambizana tunakaa kidogo tu mpaka mambo ya Unguja yatulie. Mume wangu kazikwa hapa hapa. Mie nimefagia wodi za hospitali mpaka magoti yakagoma. Nakaa Lewisham, ghorofa ya nne, lifti inafanya kazi ikipenda yenyewe. Na mwaka ule ule wa simu hii, kibibi wa Kiingereza aliyekuwa akikaa mlango wa pili alikutwa amekufa kitini, siku kadhaa zimeshapita, televisheni inazungumza peke yake. Kilichowashtua watu ni barua zilizorundikana mlangoni. Tangu siku ile usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu. Nikifa mie nani atanifumba macho? Nani atamwita mwoshaji, postamani?

Ijumaa nikateremsha sanduku juu ya kabati. Nikafunga bizari na hiliki ndani ya kanga, maana sikuwa na hakika kama Denmark wanazijua. Nikatia na sweta mbili nzito. Mtu angenikuta ningesema nasafisha kabati, kana kwamba kuna mtu wa kunikuta.

Bistro yenyewe ilikuwa kichochoroni, si mbali na stesheni ya London Bridge. Kijimgahawa finyu, meza zimebanana hata ukipumua unapumua supu ya jirani. Madirisha yametoka jasho. Kila meza na mshumaa wake, mchana kweupe. Kwetu mshumaa unawashwa umeme ukikatika. Menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni, kwa Kifaransa, ati tumekuja darasani. Lakini sisemi uongo, nje mvua ya London ile isiyokatika, na mle ndani palikuwa na joto, na harufu ya siagi na vitunguu ilinilegeza. Nikavua koti. Mwanangu alikuwa amevaa hereni nilizompa alipoolewa.

Nikamwambia amuulize mhudumu kama supu ina mvinyo. Inao. Kuku je? Kuku ndiyo kabisa, kapikwa ndani ya mvinyo.

"Astaghfirullah," nikasema, "hawa mpaka kuku wanamlevya!"

Mwanangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mie nikacheka, tukawa tunafutana machozi kwa vitambaa vya mezani. Nilikuwa na furaha siku ile. Nikawaza, kumbe ndivyo tutakavyokuwa kila siku. Tukaagiza samaki.

Mhudumu akaleta mkate ndani ya kikapu, mkate wa moto, ganda linavunjika mdomoni. Nikala vipande viwili. Akarudi kuniuliza kama aniongeze. Nikamwambia la, ahsante. Akachukua kikapu chake akenda zake, na mie macho yangu yakakisindikiza mpaka jikoni.

Wasiolelewa kwetu hawatanielewa hapa, kwa hivyo nieleze. Mtu akikukaribisha, mara ya kwanza unasema ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linakuuma kwa njaa. Mara ya pili unasema usijisumbue. Mara ya tatu yeye anaapa, "Wallahi hutoki hapa hujaonja," anakushika mkono, ndipo unakaa, tena unakaa pembeni kidogo. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, kwao hakufunzwa. Na anayekaribisha mara moja akanyamaza alikuwa akiomba Mungu ukatae. Marehemu mama yangu alikuwa akinifinya paja mbele za watu nikijisahau. Mhudumu sikumlaumu. Waingereza na Wafaransa nilishawazoea, mkate ule ulinipita kama ilivyonipita mingi. Lakini aliyekaa mbele yangu alikuwa mwanangu wa kumzaa.

Samaki akaja. Mwanangu akanambia huko mjini wanakohamia pia kuna bistro ya Kifaransa, ndogo vile vile, na supu yao ya samaki haina mvinyo, ameshawauliza. Ameshawauliza! Mtu haulizi habari ya mvinyo kwa ajili ya nafsi yake, na yeye anakunywa, ingawa anadhani sijui. Nikajua kaniulizia mie.

Akaweka uma chini. "Mami," akasema, "unataka kuja kukaa na sisi?"

Nilisikia mdomo wangu, mdomo huu uliofinyiwa paja Unguja, ukisema: "A-a, mwanangu. Mie niacheni hapa hapa, nyinyi mna maisha yenu."

"Una hakika?"

Hiyo ilikuwa ya pili. "Usijisumbue," nikasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe lenyewe kwa magoti haya nitalimia nini?" Nikacheka kidogo, kama inavyotakiwa. Nikashika glasi ya maji nikawa naingojea ya tatu.

Mabega ya mwanangu yalishuka, sijui kwa huzuni au kwa ahueni. Mpaka leo nimeyawaza mabega yale na sijapata jibu. Akanyoosha mkono juu ya meza akanishika wangu. Nikasema moyoni, haya, sasa anaapa.

"Okei, Mami," akasema. "Naheshimu uamuzi wako."

Ananiheshimu! Nani aliomba heshima? Nilitaka kumtikisa mabega yake yale. Lakini nikajikaza kisabuni, nikamwambia samaki wao mtamu, hana chumvi tu. Akauliza kama nataka kitu kitamu cha kumalizia. Nimeshiba, nikasema. Akaniitishia koti langu.

Mtasema, si ungesema tu kwamba unataka? Ulimi huo sina. Mama haombi kulala kwa mwanawe, huombwa. Nilipanda treni ya Lewisham na tumbo lina njaa, wallahi, baada ya kula Kifaransa. Nyumbani nikakaa kitandani nikatoa sweta ndani ya sanduku, moja moja. Bizari sikuitoa. Nikajidanganya kwamba bado wiki tano hawajaondoka, ya tatu itakuja.

Haikuja. Alikuja yeye na mtoto kuniaga, nikawapikia wali wa nazi, akaniachia na mfuko wa dawa za magoti. Mlangoni nilimshika muda mrefu kuliko kawaida. Akanambia nisilie, saa mbili tu kwa ndege.

Walipokwisha kukaa huko nikaanza kupenyeza maneno kwenye simu. Nikamwambia baridi ya mwaka huu haichezeki. Baada ya siku mbili ikaletwa hita ya umeme, mpya, na kijikadi cha kunipenda. Nikamwambia lifti imekufa tena, kupanda ngazi nimechoka. Akapiga simu kwa wenye nyumba akagombana nao kwa ajili yangu, na lifti ikatengenezwa. Kila nilipolia njaa alinipa maji, tena kwa mapenzi, maskini ya Mungu. Ningemlaumu kwa lipi?

Siku moja nikapiga moyo konde. Nilikuwa nimeamka na homa, na asubuhi yote nilikuwa nikiutazama mlango na barua chini yake. Nikampigia, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Siku ile kwenye mgahawa, mie nilidhani utaniuliza tena."

Akasema, "Lakini Mami, ulisema hutaki. Na weye ndiye uliyenifunza. Hukumbuki keki?"

Nilikumbuka palepale. Alikuwa na miaka saba, kaalikwa nyumbani kwa mwenzake wa darasani, Mwingereza. Wakatoa keki ya chokoleti. Mama wa mwenzake akamuuliza unataka, naye akasema la, ahsante, kama nilivyomfunza mie, akangoja. Keki ikapita, ikaliwa, ikaisha mbele ya macho yake. Alirudi analia kwa kwikwi. Nami nikampakata nikamwambia: sikiliza mwanangu, hapa si kwetu, hapa watu wanauliza mara moja. Ukitaka sema ndiyo. Na mtu akikwambia hataki, muamini, usimsumbue. Nikamkaririsha maneno hayo mpaka akayajua kwa moyo. Nilijiona mama hodari siku ile.

"Nakumbuka," nikamwambia.

"Na kile chumba," akasema taratibu, "sasa yumo mama mkwe. Naye ana maradhi ya magoti."

"Mlimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja tu, Mami. Alisema ndiyo."

Bibi wa watu hakuiba kitu, aliulizwa akajibu. Mie ndiye niliyejibu uongo, tena nikaujibu mara mbili. Mwanangu nikamsikia anavuta pumzi kule, na sauti yake ilipokuja ilikuwa imelowa.

"Njoo basi sikukuu ya Idi," akasema. "Hata wiki mbili. Utalala na mtoto chumbani kwake, anakuulizia kila siku. Tutakupeleka kwenye ile bistro. Utakuja?"

Nililitazama sanduku juu ya kabati. Bizari ilikuwa bado imo.

"A-a, mwanangu," nikasema. "Usijisumbue."

"Okei, Mami," akasema.