Mlima Uko Mgongoni

Watu wakisikia nina mkanda mweusi wa taekwondo, swali la kwanza ni lilelile: umeshampiga nani? Sijampiga mtu, jamani. Nilichopenda mimi katika mchezo ule wa Wakorea ni zile tulizoziita fomu. Unasimama peke yako, unapangua na kumpiga adui ambaye hayupo, mbele, kushoto, kulia, nyuma, kwa mpangilio usiobadilika, na ukimaliza unajikuta umerudi palepale ulipoanzia. Ukijikuta kwingine, basi umekosea.

Tulijifunzia mtaa wa Ngarenaro, enzi zile biashara imefunguliwa, kila dirisha limegeuka duka na mitumba imejaa mji mzima. Mwalimu wetu alikuwa Mchaga wa Machame, muuza spea za magari, Mlutheri hasa, aliyejifunza taekwondo alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Nyuma ya duka lake kulikuwa na ua wa udongo. Jioni duka likishafungwa, ua ule ulikuwa wetu. Sare alitushonea fundi wa jirani kwa kitambaa cha marekani, na kitambaa chenyewe kikiguswa na maji kinarudi. Baada ya wiki chache suruali inakuishia kwenye muundi, unafanana na mtu anayevuka mto. Tulichekana mpaka mbavu zikauma.

Sasa, mwalimu alikuwa na namna yake ya kufundisha. Maneno ya Kikorea yalitushinda, kushoto na kulia tulichanganya, kwa hiyo akatufundisha kwa mji. Mbele ilikuwa Meru, maana mlima ulisimama pale juu ya bati la jirani, mkubwa, hauna kificho. Kulia ilikuwa Themi, kwenye viwanda. Kushoto ilikuwa gereji iliyopakana na ua wetu, na nyuma ilikuwa mtaa wa Daraja Mbili. "Tazama Meru! Pangua Themi! Teke gereji! Geukia Daraja Mbili, ngumi!" Wapita njia walisimama kutucheka, na mafundi wa gereji walijibu kwa miluzi kila tulipowarushia mateke. Wacha wacheke, sisi tulishika. Mkanda mweupe, wa njano, wa kijani, wa bluu, mwekundu, yote hiyo mwalimu alitupima mwenyewe na kutufunga kiunoni humohumo uani, tukiutazama mlima.

Mweusi ulikuwa habari nyingine. Mwalimu hakuwa na mamlaka ya kuutoa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa dani ya kwanza, yaani ngazi ya chini kabisa ya mikanda myeusi. Mpaka aje mtahini kutoka Dar. Nilipomweleza mama kwamba mikanda ya rangi ni matayarisho tu, na kwamba mweusi ndio mwanzo wenyewe, alinitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

"Kwa hiyo unapanda miaka yote hiyo, halafu ukifika unaambiwa ndiyo kwanza umeanza? Hiyo shule gani?"

Mama alikuwa Mmeru wa mlimani, mkulima wa kahawa na ndizi kule juu ya Tengeru, na taekwondo hakuitaka hata kuisikia. Binti mzima kurusha miguu hewani, tena na suruali! Kila nilipokwenda kumsalimu, kabla hajaitikia shikamoo yangu vizuri, alikuwa ameshauliza kama bado nacheza mchezo wa vichaa. Na mimi sikuwa mtu wa kunyamaza. Tuligombana mpaka chai ikapoa.

Ndipo kiwanda nilichofanyia kazi kule Themi kikauzwa kwa wenye mali wapya, na wenye mali wapya wakatupunguza. Nikarudi kwa mama na begi langu. Iliniuma, tena sana. Asubuhi nachuma kahawa, jioni nasimama uani kati ya jiko na migomba, nautazama mlima, napiga fomu zangu. Kule mlima hauko juu ya bati la mtu, unakuangukia kabisa. Nikianza tu, mama anainuka, anaingia jikoni na kurudisha mlango. "Mimi sitaki kuona," anasema. Basi nabaki na kuku.

Siku moja mwalimu alipanda mpaka nyumbani kuniletea habari. Shule mpya ya kulipia ilikuwa inatafuta mwanamke wa kufundisha wasichana taekwondo, ila lazima awe na mkanda mweusi. Mtahini alikuwa njiani. Nikishindwa, nisubiri aje tena mwakani, na shule haitanisubiri. Mama alimkaribisha ndizi, akasikiliza yote, na mgeni alipoondoka akanigeukia.

"Nenda. Ukiupata huo mkanda, sitakusema tena. Ukiukosa, hiyo suruali uikate vitambaa vya kudekia, turudi shambani tuheshimiane."

Nikakubali. Usiku ule sikula.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa kukodi katikati ya mji, madirisha yako juu karibu na dari, na mapazia mazito yamefungwa. Nilipoingia, nani namwona kwenye benchi la wazazi? Mama! Kavaa kitenge chake cha kanisani, mkoba mapajani, amenuna kama aliyeitwa na mjumbe. Hakuniambia kwamba anakuja.

Mtahini alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole na macho yasiyokuwa na upole hata kidogo. Ukiitwa, unasimama katikati, unainama kumpa heshima, unaanza ukimtazama yeye. Fomu ya kwanza mpaka ya sita nilizimudu, maana hizo hata ukiniamsha usingizini nazipiga. Akaita ya saba. Kila fomu ina maana yake. Kuna ya mbingu, ya moto, ya upepo. Ya saba maana yake ni mlima, mwisho wake ni ukelele mmoja, na ndiyo mwalimu wetu aliyotufundisha kwa kelele kuliko zote.

Nikaanza vizuri. Nikapangua, nikapiga teke, nikaingia kwenye ule mkao wa chui, mguu wa mbele umegusa chini kwa ncha tu. Kisha ikafika zamu ya kugeukia Themi. Themi iko wapi? Kichwani nilimsikia mwalimu kabisa, lakini mwili ukaniuliza swali ambalo uani haukuwahi kuniuliza. Nikageuka, nikajikuta natazama ukuta. Nikasimama kama mwizi aliyemulikwa.

"Anza tena," mtahini akasema. "Hii ni mara ya mwisho."

Nikaanza tena, nikafika palepale, nikakwama palepale. Nilimtupia jicho mwalimu. Maskini, alikuwa amejishika kichwa, midomo inamcheza, na kusema haruhusiwi. Nikaiona shule inaondoka. Nikaiona ile suruali ikiwa kwenye ndoo ya kudekia.

Mara sauti ikapasua ukumbi, kwa Kimeru, ileile inayoniita kutoka bondeni.

"We mtoto! Mlima uko mgongoni! Mgongoni kwako, endelea!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mtahini aligeuka. Mama amesimama, mkoba umeanguka, kidole kinaelekea kwenye ukuta nyuma yangu. Na kweli, meza ya mtahini ilikuwa upande wa Daraja Mbili. Wakati wote nilikuwa nimeupa Meru mgongo. Mara nilipojua hivyo, mji mzima ulirudi mahali pake kichwani mwangu, Themi ikakaa mkono wa kushoto, gereji mkono wa kulia, na miguu ikaondoka kabla sijaituma. Sikukwama tena. Nilipomaliza nikatazama chini, nikaona nimesimama kwenye ufa uleule wa sakafu nilipoanzia.

Mtahini akauliza, "Yule mama amesema nini?" Mwalimu wangu, maana Kimachame na Kimeru vinasikilizana, akamtafsiria, huku jasho likimtoka. Mtahini akatuambia tusubiri nje.

Nje mlima ulikuwa wazi, hauna hata wingu. Mama aliufunga upya mtandio wake, akajifuta uso, akaanza kunisema.

"Na mwishoni umesahau kupiga ukelele. Nyumbani huwa unapiga, mpaka kuku wanakimbia."

"Mama! Si ulisema hutaki kuona?"

"Mlango wa jiko una nyufa," akajibu, akatazama pembeni.

Nikaangua kilio palepale barabarani, mtu mzima na sare yangu fupi. Tulipoitwa ndani, mtahini alisema nimepita, maana mama alinionyesha mlima tu na hatua zote ni zangu, ila ukelele wa mwisho katika fomu ya saba nimeusahau, na niurekebishe. Mama alinikanyaga mguu. Mwalimu naye, kuanzia wiki ile, alianza kutugeuza kila upande, leo tunatazama gereji, kesho Daraja Mbili, na hakutaja mji tena.

Nilifundisha wasichana kwenye shule ile mpaka nikastaafu. Ua wa Ngarenaro sasa una ghorofa mbele yake, mlima hauonekani, na mwalimu wetu tulishamzika kwao Machame. Mama naye amelala kwenye migomba yake. Nikienda nyumbani, jioni navua viatu, nasimama kati ya jiko na migomba, napiga ya saba taratibu, magoti hayataki tena haraka. Ikifika mwisho, nageuza uso kuuelekea mlango wa jiko uliofungwa, pale penye nyufa, na ukelele naupiga wote.