Maziwa ya Watoto Wawili

Mwanetu wa kiume aliishi siku tisa. Tulimzika Lodwar, mimi na mume wangu na walimu wenzangu wawili, kisha nikarudi wodini kwa pacha wake, msichana ambaye uzani wake haukuwa umefika kilo mbili. Huo ulikuwa mwaka wa 2012. Majirani waliokuwa wameanza kuniita Mama Pacha walirudia kuniita mwalimu.

Siku ya kutoka hospitali, muuguzi aliniambia mtoto hana nguvu za kunyonya. Nikamue maziwa, nimnyweshe kwa kikombe na kijiko kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

"Akilala, mwamshe," alisema. "Huyu hatalia njaa. Atalala tu."

Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala la chakula la kambi ya wakimbizi kule Kakuma, na ruhusa yake ilikuwa imeisha. Aliondoka na lori la unga. Nikabaki na mtoto katika chumba chetu cha mabati ambacho hata saa tisa usiku kilikuwa bado na joto la mchana.

Ndipo tukaanza simu za usiku. Kila baada ya saa mbili alinipigia.

"Mama, umeamka?"

"Nimeamka."

"Washa tochi nisikie."

Hakuniamini mpaka asikie swichi ikilia.

Kumnywesha kulichukua karibu saa nzima: kijiko kimoja, kungoja ameze, kufuta kidevu, kijiko kingine. Niliilaza simu juu ya mto, sauti imefunguliwa. Mwanzoni tuliongea mambo ya kazi. Yalipoisha, alinisomea chochote chenye maandishi chumbani mwake: maelezo ya kuendesha jenereta, kopo la mafuta ya kupikia, gazeti kuukuu lililokuwa limefungiwa sabuni. Akifika kwenye matangazo ya vifo alinyamaza, nami nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Unasoma nini sasa?"

"Matrekta," alijibu. "Wanauza matrekta."

Usiku mwingine tuliambiana tulichokuwa tukisikia. Kwake, jirani Mkongomani akiimba nyimbo za kanisani peke yake. Kwangu, punda, na upepo ukimwaga mchanga juu ya paa.

Kuna jambo nililomficha. Mwili wangu haukujua kwamba mmoja amekufa. Uliendelea kutoa maziwa ya watoto wawili. Binti yangu akishamaliza vijiko vyake, kikombe kilibaki kimejaa, na nisipokamua matiti yaliuma kama majipu. Nilitoka nje nikayamwaga.

"Unaenda wapi?" aliuliza aliposikia mlango.

"Chooni."

Nilimdanganya hivyo kwa wiki sita.

Kisha stima ikapotea siku mbili, na simu yangu ikazima kwa kukosa chaji. Nilijiambia nitakesha. Nilikaa kitandani nimeegemea ukuta, mtoto kifuani. Niliposhtuka, kulikuwa kumekucha.

Mtoto hakutikisika. Midomo yake ilikuwa mikavu. Nilimwita, nikamfinya nyayo, nikamnyunyizia maji usoni. Jirani yangu, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa, alisikia makelele yangu akaingia bila kubisha. Akaninyang'anya mtoto, akamsugua mgongo kwa nguvu iliyonitisha.

"Mtoto iko," akasema. "Mwalimu, wacha kulia. Leta maziwa."

Mtoto alimeza vijiko vitatu, kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia kwa sauti.

Mchana, kwenye saa saba, nilimwona mume wangu nje. Alisimama karibu na kamba ya nguo, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, wala hakuja mlangoni. Alikuwa amenipigia usiku kucha, na alfajiri akadandia lori bila kumuaga mkubwa wake. Siku hizo magari yalingoja askari wa kuyasindikiza kwenye barabara ile. Lori lake halikungoja.

"Mbona huingii?"

"Niambie kwanza," alisema. "Niambie nikiwa hapa nje."

"Yuko hai, baba. Amekunywa."

Aliketi pale pale mchangani akalia, mtu ambaye makaburini hakutoa hata chozi.

Mara iliyofuata alishika kijiko yeye. Nilipochukua kikombe kwenda nacho nje, aliniuliza ninakipeleka wapi.

"Kumwaga. Ni ya yule mwingine."

"Kila usiku?"

"Kila mara."

Alimfuta mtoto kidevu.

"Mimi huongea naye," akasema. "Tukishakata simu. Namwambia dada yake amekunywa vijiko vingapi."

Alikichukua kile kikombe mkononi mwangu, akatoka nacho.

Kazini walimpa barua ya onyo, na mkataba wake ulipoisha hawakuuongeza. Binti yetu alianza kunyonya mwenyewe alipotimiza miezi minne. Kufikia hapo maziwa yalikuwa yamepungua yakabaki ya mtoto mmoja, na siku nilipotambua hilo nilishindwa kuingia darasani.

Mwaka wa 2013 mume wangu alirudi Lodwar, hana kazi. Tulilala kitanda kimoja watu watatu. Nilidhani sasa tutaongea usiku kucha, lakini tukiwa bega kwa bega hatukupata la kusema. Mtoto alinyonya, akalala. Nasi tulilala macho wazi, kila mmoja akijua mwenzake yuko macho.