Rafiki yangu wa Mbotela, spika zake, na ujumbe wa marehemu mama yake

Wakuu, niaje. Mimi ndiye yule hubishia nyuzi za watu hapa nikidai ushahidi, kwa hivyo hii nihojini mtakavyo. Nilikuwepo.

Musyoka tumekua naye mtaani Mbotela. Anaishi chumba kimoja na spika mbili zinazonifika kifuani. Kitanda amekisimamisha ukutani eti kimeze mwangwi. Kiti ni kimoja, katikati, na ole wako ukisogeze.

Mama yake alifariki mwaka jana. Siku chache kabla, alimtumia Musyoka ujumbe wa sauti kwa simu.

Dada yake, Mueni, alikuwa amekosana na mama. Mama akazikwa hawasemezani. Tangu mazishi amekuwa akiuomba huo ujumbe, ajue kama alitajwa.

Musyoka akakataa. Eti akiutuma kwa simu utaharibika, angoje mtambo wa spika ukamilike.

"Buda, si hata kwako ulikuja kwa simu?" nikamuuliza.

"Wewe na digrii yako hamjui sauti."

Jumapili Mueni akachoka kungoja, akatoka Machakos akaja. Akakalishwa kwenye kile kiti. Mimi nikasimama mlangoni.

Musyoka akawasha.

"Musyoka mwanangu, umekula?"

Akazima.

"Mmeskia huo mvumo?" Akabadilisha waya. Mama akauliza tena kama amekula. Akazima tena, akasukuma spika kidogo.

"Musyoka, si umwache mama aongee!"

"Tulia, Mueni. Besi haijakaa."

Alipowasha mara nyingine nikamshika mkono asizime. Mama akaendelea:

"Na umwambie Mueni ile sufuria kubwa aje achukue. Nilimfokea bure. Ni yake, hata asiponisalimia."

Mueni akateleza kutoka kitini mpaka sakafuni. Analia, anacheka, sijui.

"Ulijua? Mwaka mzima umenificha?"

Musyoka alikuwa ameduwaa kuliko sisi.

"Hapo sijawahi kufika," akasema. "Nilikuwa nangoja isikike vizuri."

Wakuu, hakuwa ameusikiliza mpaka mwisho! Mpaka sasa sijatulia.

Nilidhani ni maringo ya mitambo tu. Siku hizi nashuku kingine: mtambo usipokamilika, mama bado ana neno la kumwambia. Akishasikiliza mpaka mwisho, basi.

Nilichojifunza ni kwamba kumcheka mtu si sawa na kumwelewa. Lakini pia, ukiwa na ujumbe wa mtu, mpe. Na mvumo wake.

Wapenzi wa spika, nikosoeni. Kuna kitu mnaogopa kusikiliza mpaka mwisho?