Dawa ya mahindi kwenye vigoda vya urithi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Rozalia Kikoti anatandaza gazeti sakafuni na kuweka juu yake kigoda cha miguu mitatu. Anakigonga kwa kiganja, mara tatu. Anainama, anatazama. Ungaunga wa manjano umemwagika.

"Bungua hao," anasema. "Ndugu zao wako kwenye mahindi yangu nyumbani."

Rozalia, mwenye miaka 51, ni mhudumu wa chumba cha urithi cha halmashauri moja mkoani Iringa. Huu ni mwaka wa tisa anatunza vitu 146 ambavyo wananchi walivitoa wenyewe: vyungu vya Wabena, mikuki ya Wahehe, vigoda vya Wasangu kutoka Igawa, vikapu vilivyokuja kwa basi kutoka Uyole. Ni mali ya wote, ndiyo maana watoto wa shule walikuwa wanaruhusiwa kushika.

Sasa hivi watoto hawaingii. Sababu ni kosa ambalo mama yeyote wa huku angeweza kulifanya.

Mwaka jana bungua walizidi. Rozalia aliomba dawa ofisini, akaambiwa asubiri. Kigoda kimoja kikamvunjikia mkononi. Kesho yake akaja na pakiti ya dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi, akanyunyizia rafu mbili za chini, kila kilichokuwepo.

"Mahindi tunayawekea, na tunayala," anasema polepole. "Nikasema, kigoda je? Nani anakila?"

Hakukumbuka kwamba mahindi husubiri miezi, hupepetwa na kuoshwa. Wala hakukumbuka kwamba kwenye rafu ya chini kulikuwa na pembe ya tandala, ya kupuliza.

Wiki tatu baadaye wakaja watoto wa darasa la tatu, wakamsalimu: "Kamwene, bibi!" Mmoja wao, Yudith, akachukua pembe akapuliza. Wenzake wakaicheka sauti: "Mbuzi huyo!" Akapuliza tena, kwa nguvu zote. Haikupita nusu saa, mate yakawa yanamtoka ovyo, anatapika, mikono inatetemeka.

Mwalimu alidhani ni uji wa shule, akamkimbiza zahanati. Pale chumbani ni Rozalia peke yake aliyejua kuhusu ile pakiti. Angenyamaza, kazi yake ingebaki salama.

Hakunyamaza. Aliichomoa pakiti chini ya meza, akapanda bodaboda, akawafuata.

"Nimeweka mimi," alimwambia mganga wa zamu. "Dawa yenyewe hii hapa."

Mganga yule anasema bila pakiti wangeanza kupima malaria, na muda ungepotea. Yudith alilazwa siku mbili. Leo anaruka kamba.

Lakini mzazi, usiseme yamepita. Dawa ile iko uvunguni mwa vitanda vyetu, nyingine iko jikoni karibu na chumvi. Mtoto akienda ziara, uliza: watashika nini, na kimewekwa nini? Na ikitokea ameila, beba pakiti uende nayo. Aibu iache nyumbani.

Rozalia alipewa onyo la maandishi. Vitu 38 vyenye dawa vimefungiwa kabatini. Vilivyobaki anavifunga kwenye nailoni na kuvigandisha wiki mbili katika friza ya Asukile, muuza samaki wa jirani. Mtaalamu wa makumbusho ndiye aliyemfundisha: baridi kali inaua bungua bila sumu.

"Asukile ananitania," anacheka. "Anauliza, dada, kilo ya vigoda unauzaje?"

Anachotaka ni mlango ufunguliwe muhula ujao. Halmashauri imesema wazazi waamue, na wazazi wana jibu moja: akikubali mama Yudith, na sisi tumekubali.

Jana Rozalia alimfuata nyumbani kwake. Bertha, mama yake Yudith, hakuinua macho. Aliendelea kuchambua maharage mpaka yaliyokuwa kwenye ungo yakaisha.

"Nitamleta," akasema. "Lakini nakuja naye. Na wewe, dada, utashika kwanza, mimi nikiona."

"Nitashika, mama Yudith. Kila kimoja. Halafu utanipikia ugali, niule kwa mkono huohuo, sijanawa."