Pilipili ya Mwalimu Ermine

Mwalimu Ermine Pantin alistaafu shule, lakini shule haikustaafu kwake. Kila Jumatatu jioni, katika ukumbi wa kanisa hapa Sangre Grande, aliwafundisha Kiingereza Wavenezuela waliovuka maji kuja Trinidad. Sasa alibakiwa na wanafunzi wachache, na padri, mpenzi mkubwa wa mchezo wa bingo, alishamwambia kwa upole mwingi kwamba wakipungua tena atauhitaji ukumbi kwa mchezo huo. Bila darasa lile, Mwalimu Ermine angebaki nyumbani akimsahihisha kasuku.

Kila mtu alijua kwa nini wanafunzi walikimbia, isipokuwa yeye. Hakuruhusu maneno yafupishwe. Aliyesema "I'm" badala ya "I am" alitazamwa kama mtu aliyeingia kanisani bila suruali. Kuiondoa herufi na kuning'iniza kijikoma mahali pake, alisema, ni uvivu uliovaa hereni.

Yorgelis, aliyekuwa akiuza doubles, mikate midogo ya kukaanga yenye dengu, kwenye kibanda cha Sookdeo, ndiye aliyeacha darasa mwisho. Wateja walimcheka kwamba anaongea kama hakimu anayesoma hukumu. Jumamosi asubuhi Mwalimu akaenda kibandani kumrudisha, na kwa adabu akapanga foleni.

Foleni ya doubles ina desturi yake. Unataja unataka ngapi na pilipili kiasi gani kwa pumzi moja, unapokea mikate yako, unasogea pembeni kula ukiwa umesimama. Asiyetaja pilipili amemwachia muuzaji aamue. Mwalimu alianza kwa salamu, akaingia kwenye "I am" na "I would", na kabla hajaifikia pilipili, jamaa aliyekuwa nyuma yake akasema, "Mama, ukimaliza hotuba tutakuwa na wajukuu."

Sookdeo hakungoja. Akamwaga pilipili kwa ukarimu wake wa kawaida, akamkabidhi.

Mwalimu alimega mara mbili. Macho yakamtoka, wigi likahama, na Kiingereza kikamwagika kikiwa kimekatwakatwa: "I'm burning! They've killed me! It's in my nose!"

Yorgelis akamletea maji. "Mwalimu, leo nimekuelewa kila neno."

"Nyamaza, mjinga wewe. Ongeza maji."

Alipopata pumzi, alilirudisha wigi mahali pake. "Jumatatu uje."

"Nije kufanya nini, Mwalimu?"

"Kujifunza kukata maneno. Nyinyi mnayakata kama kinyozi mlevi."

Jumatatu aliandika ubaoni "I'm", "you're", "they've", akaeleza kwamba kijikoma hukaa palepale herufi zilipotoka. Barua ya kuomba kazi iandikwe kirefu. Kwenye foleni, fupisha kabla hujaunguzwa. Yorgelis alikuwa amekuja na nusu ya waliokimbia, maana habari ya wigi ilikwishaenea mjini.

Padri alichungulia mlangoni, akaona viti vimejaa, akaondoka na mipira yake ya bingo kwapani.